Bonnie Parker: maisha ambayo filamu haikuonyesha

Wengi wanamfahamu Bonnie Parker kupitia filamu ya mwaka 1967, ambamo Faye Dunaway anamwigiza akiwa mrembo asiye na woga. Maisha yake halisi yalikuwa magumu zaidi.

Alizaliwa tarehe 1 mwezi wa kumi 1910 huko Rowena, jimboni Texas, Marekani. Baba yake alifariki Bonnie akiwa mtoto mdogo. Shuleni alikuwa na akili na alipenda kutunga mashairi. Aliolewa kabla ya kutimiza miaka 16, mume akafungwa, naye akabaki akihudumia wateja katika mikahawa ya Dallas. Mwaka 1930 akakutana na Clyde Barrow.

Kundi lao liliiba zaidi kwenye maduka madogo na vituo vya mafuta kuliko kwenye benki. Linahesabiwa kuua watu 13, wengi wao polisi. Mwaka 1933 gari lao lilipata ajali, Bonnie akaungua mguu vibaya. Tangu hapo alitembea kwa shida, mara nyingine akibebwa na Clyde.

Tarehe 23 mwezi wa tano 1934, polisi waliwavizia barabarani huko Louisiana na kuwaua wote wawili. Bonnie alikuwa na miaka 23.

Filamu inaishia kwenye risasi hizo. Lakini mama yake alikataa azikwe kando ya Clyde. Hadi leo kila mmoja amelala katika makaburi yake, Dallas.