Heinrich Schnee: Gavana aliyetaka vita visifike Afrika Mashariki

Katika wilaya ya Serengeti, mkoani Mara, si mbali na lango la hifadhi, iko Fort Ikoma, ngome ya zamani ya Wajerumani. Mwezi Juni 1917 askari wa Ubelgiji walipigana na Wajerumani mahali hapo. Wabelgiji walifikaje Ikoma? Na ilikuwaje koloni ambalo kwa mkataba lingeweza kukaa nje ya vita likawa uwanja wa mapigano kwa zaidi ya miaka 4? Ili kupata jibu, tunayaangalia maisha ya Heinrich Schnee, gavana wa mwisho wa Afrika Mashariki ya Kijerumani.

Mwanasheria afika Dar es Salaam

Schnee alizaliwa Februari 4, 1871, nchini Ujerumani. Alisomea sheria, kisha akafanya kazi ya utawala New Guinea na Samoa, katika bahari ya Pasifiki. Mwaka 1912 alipewa ugavana Dar es Salaam. Vita vya Maji Maji vilikuwa vimemalizika miaka 5 tu kabla, na wakuu wa koloni waliogopa wananchi wasije wakaasi tena. Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914, na maonyesho makubwa yalikuwa yameandaliwa Dar es Salaam kwa mwezi Agosti mwaka huohuo.

Badala ya maonyesho, vikaja vita. Agosti 4, 1914, Ujerumani iliivamia Ubelgiji, nchi iliyokuwa haiegemei upande wowote, na Uingereza ikaingia vitani.

Mkataba usio na meno

Schnee alitegemea Mkataba wa Berlin wa 1885. Mkataba huo uliruhusu makoloni ya eneo la bonde la Kongo, pamoja na Afrika Mashariki, kutangazwa kuwa hayaegemei upande wowote Ulaya inapopigana. Lakini ulikuwa na kasoro moja kubwa: haukumlazimisha mtu. Ilibidi pande zote zinazopigana zikubali, na Uingereza haikuwa tayari kuziachia bandari ambazo meli za kivita za Wajerumani zingeweza kuzitumia.

Agosti 8 meli ya Kiingereza, Astraea, iliushambulia mnara wa mawasiliano Dar es Salaam. Maafisa wa Schnee walikubaliana na Waingereza kwamba mji huo usipigane, na baadaye Tanga nayo ikapata makubaliano kama hayo. Serikali ya London iliyakataa.

Upande wa Wajerumani wenyewe, kamanda wa jeshi, Paul von Lettow-Vorbeck, hakutaka amani hiyo. Kwake yeye, kazi ya koloni ilikuwa kuwavuta askari wengi wa adui wasipelekwe Ulaya. Kisheria Schnee alikuwa mkubwa wake, lakini kamanda alitenda alivyoona. Agosti 15 askari wake waliiteka Taveta, upande wa Kenya ya leo. Siku chache baadaye, Agosti 22, Wajerumani walipiga mizinga bandari ya Lukuga kwenye Ziwa Tanganyika, nayo Kongo ya Wabelgiji, ambayo pia ilikuwa imejaribu kukaa kando, ikaingia vitani. Mwezi Novemba Waingereza waliposhuka Tanga, Lettow-Vorbeck aliwapiga na kuwashinda. Baada ya hapo hakuna aliyezungumzia tena kukaa kando.

Vita vyafika Mara

Mpaka uliochorwa na Wazungu mwaka 1886 ulikuwa umeigawa nchi ya Wakurya, ndugu wa ukoo mmoja wakabaki chini ya tawala mbili. Sasa tawala hizo zilikuwa maadui. Septemba 1914 Wajerumani walivuka mpaka wakapigana na Waingereza Kisii. Januari 1915 Waingereza waliteka Shirati, ambayo kwa miaka mingi ilihesabiwa ndani ya wilaya ya Tarime kabla ya Rorya kuwa wilaya. Mwaka 1917 kikosi cha Wajerumani kilichoongozwa na Heinrich Naumann, kikifukuzwa kutoka kusini, kiliingia Ikoma. Wabelgiji waliokuwa wakikifuata walishambulia ngome wakashindwa. Naumann alijisalimisha Oktoba mwaka huohuo.

Gharama ilibebwa na Waafrika wa pande zote. Makumi ya maelfu ya wapagazi walikufa kwa njaa, maradhi na uchovu. Jina la Kariakoo, Dar es Salaam, limetokana na kikosi cha wapagazi wa Waingereza.

Mwisho wa gavana

Schnee alifuatana na jeshi hadi lilipojisalimisha Abercorn, leo Mbala nchini Zambia, Novemba 25, 1918. Huko Ujerumani hakujuta kutawala watu wengine. Aliandika vitabu akidai makoloni yarudishwe, akawa mbunge, na mwaka 1933 akajiunga na chama cha Hitler. Alikufa kwa ajali ya gari Berlin, Juni 23, 1949.

Kwa hiyo tusimkumbuke kama mtu wa amani. Alitaka kuiokoa mali ya Ujerumani, na mkataba alioutegemea ulisainiwa na madola ya kigeni yaliyoweza kuuweka kando wakati wowote. Wakazi wa Ikoma na wa Tarime hawakuulizwa mwaka 1885 wala 1914, lakini vita vilipofika kwao, ndio waliotakiwa kutoa askari, wapagazi na chakula.