Gerbert wa Aurillac: Papa Aliyekuwa Mwalimu wa Nyota

Jina la Papa Silvester II si geni kwa wanaosoma historia ya Kanisa. Ndiye Mfaransa wa kwanza kuketi katika kiti cha Mtume Petro, na ndiye aliyeliongoza Kanisa mwaka 1000 ulipoingia. Lakini kabla ya hapo, alipokuwa bado akiitwa Gerbert, alikuwa mwalimu wa shule kwa miaka mingi. Tumeamua kuitazama zaidi kazi yake hiyo, kwa kuwa wengi wetu tutatumwa kufundisha.

Gerbert alizaliwa takriban mwaka 946 katika eneo la Auvergne, Ufaransa. Alilelewa katika monasteri ya Mtakatifu Gerald mjini Aurillac, na huko alijifunza sarufi ya Kilatini. Mwaka 967 Borrell, mtawala wa Barcelona, alifika monasterini hapo kusali. Abate alimwomba amchukue kijana huyo mwenye akili akasome zaidi. Katalunya ilipakana na nchi za Waislamu wa Hispania, ambako hesabu na elimu ya nyota vilikuwa vimeendelea kuliko kwingine Ulaya magharibi. Gerbert alisoma hesabu huko chini ya Atto, Askofu wa Vic, kwa takriban miaka mitatu.

Mwaka 970 aliwafuata Borrell na Askofu Atto hadi Roma. Papa Yohane XIII alivutiwa na ujuzi wake, akamjulisha kwa Kaisari Otto I. Miaka miwili baadaye Gerbert alikwenda Reims kujifunza mantiki, na muda si mrefu Askofu Mkuu Adalbero akamkabidhi shule ya kanisa kuu.

Siku zile elimu ya nyota ilikuwa mojawapo ya masomo manne ya hesabu, pamoja na hisabati, jiometri na muziki. Kanisa liliihitaji sana. Bila kujua mwendo wa jua na mwezi huwezi kupanga tarehe ya Pasaka, na watawa walizitazama nyota ili wajue saa ya kuamka kusali usiku. Hata hivyo vitabu vilikuwa vichache na vigumu, na darubini ingekuja zaidi ya miaka 600 baadaye. Mwanafunzi aliweza kukariri majina ya duara za mbinguni bila kujua ziko wapi.

Gerbert aliamua kutengeneza vifaa. Tunazo habari zake kutoka kwa Richer, mtawa wa Reims aliyekuwa mwanafunzi wake. Kwanza alitengeneza tufe la mbao lenye ncha zake mbili, akaliinamisha kama mbingu inavyoonekana kutoka Reims. Mwanafunzi alipolizungusha aliona jinsi nyota zinavyochomoza na kutua, na kwa nini nyingine hazitui kamwe. Kisha alitengeneza tufe la duara tupu, lililoonyesha njia za sayari. Lingine alilipamba kwa maumbo ya makundi ya nyota yaliyofanywa kwa waya, na katikati akapitisha mrija wa kuchungulia. Richer anaeleza kuwa hata mtu asiyejua chochote, akishaonyeshwa nyota moja tu, aliweza kuzitambua zilizobaki bila mwalimu.

Barua zake mwenyewe zinaonyesha uzito wa kazi hiyo. Remi, mtawa wa Trier, alimwomba tufe, naye Gerbert akataka kwa malipo nakala ya kitabu cha mshairi Statius. Kitabu kilicholetwa hakikuwa kamili, na tufe likachelewa. Gerbert alimweleza kuwa lilikuwa bado likikerezwa na kufunikwa ngozi ya farasi, na kwamba lile lenye rangi zote lingechukua mwaka mzima.

Katika barua nyingine alimwelekeza rafiki yake Konstantino, mtawa wa Fleury, namna ya kutengeneza nusu tufe yenye mirija saba. Alimfundisha pia jinsi ya kuihakikisha nyota ya ncha ya kaskazini: uelekeze mrija kwenye nyota unayoidhani, uuache bila kuutikisa, na uchungulie usiku kucha. Ikiwa ndiyo yenyewe, utaendelea kuiona. Ikiwa siyo, itatoka nje ya mrija. Hivyo mwanafunzi alipata njia ya kupima jambo kwa macho yake mwenyewe.

Kwa somo la hesabu aliagiza ubao wenye safu 27 na vihesabio 1,000 vya pembe vyenye alama za tarakimu tisa, ambazo asili yake ni India na zilifika Hispania kupitia kwa Waarabu.

Si kila alichokigusa kilikwenda vizuri. Kaisari Otto II alimfanya abate wa Bobbio, Italia, lakini ugomvi juu ya mali za monasteri ulimfanya arudi Reims. Mwaka 991 alipewa uaskofu mkuu wa Reims baada ya Arnulf kuondolewa, na Roma haikukubali. Baada ya mabishano ya miaka kadhaa aliondoka, na mwaka 998 akawa Askofu Mkuu wa Ravenna. Mwaka 999 alichaguliwa kuwa Papa. Ndipo alipomthibitisha Arnulf, mshindani wake wa zamani, katika kiti kile kile cha Reims. Alipinga pia ununuzi wa vyeo vya Kanisa. Alifariki Roma tarehe 12 Mei 1003.

Baada ya kifo chake zilienea hadithi kuwa alikuwa mchawi, kwamba alifanya mapatano na shetani na kumiliki kichwa cha shaba kilichojibu maswali. Watu waliona vifaa wasivyovielewa, wakavipa maelezo ya giza. Tunapaswa kulikumbuka hilo, maana hata leo wapo wanaodhani kwamba padre anayependa sayansi imani yake ina kasoro. Gerbert alisali Zaburi na kukereza matufe katika maisha yale yale, wala hakuona kwamba kimoja kilimwibia Mungu chochote.

Kwetu karibu na ikweta, nyota ya kaskazini hulala upeoni au haionekani kabisa, kwa hiyo tufe la Reims lingebidi liinamishwe upya. Lakini mpira, waya na bomba la karatasi vinapatikana katika shule yoyote ya parokia. Tutakapopewa darasa lisilo na maabara, tuanze kama Gerbert alivyoanza: tutengeneze kitu ambacho mwanafunzi anaweza kukishika, kisha tumtoe nje usiku aitazame mbingu yenyewe.