TUMKUMBUKE DAKTARI MARCEL JUNOD

Katika toleo hili la kuwakumbuka wapendwa wetu waliokufa vitani, sisi walimu tumeona tuwasimulie habari za mtu aliyeshuhudia jinsi vita vilivyopanda angani na kuwaangukia wasio na silaha.

Marcel Junod alizaliwa Uswisi mwaka 1904, akawa daktari wa upasuaji. Mwaka 1935, Italia ilipoivamia Ethiopia, Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu ilimtuma huko. Alikuta ndege zikipiga hata hospitali zenye alama ya msalaba. Tarehe 30 Desemba 1935, mahema ya hospitali ya Waswidi huko Melka Dida yalipigwa mabomu. Mhudumu mmoja Mswidi na wagonjwa wengi wakafa. Mwaka uliofuata, karibu na Korem, aliwaona watu walioungua ngozi kwa gesi ya sumu iliyomwagwa na ndege. Italia ilikuwa imetia sahihi mkataba wa 1925 unaokataza gesi hiyo.

Hapa ndipo penye funzo gumu. Shirikisho la Mataifa lilipoomba ushahidi, Kamati ilikataa kuutoa, isije ikaonekana imeegemea upande mmoja. Junod alieleza aliyoyaona katika kitabu chake cha mwaka 1947, wakati vita vile vilikuwa vimekwisha zamani.

Kabla ya hapo alikuwa amefika pia Japani. Tarehe 8 Septemba 1945 aliingia Hiroshima, mwezi mmoja baada ya bomu la atomiki la Marekani kuuteketeza mji, akiwa na zaidi ya tani 10 za dawa na vifaa. Aliyeshambulia Ethiopia na aliyeshambulia Hiroshima walikuwa maadui katika vita vikuu, lakini majeruhi walikuwa wale wale: mama, mtoto, mzee.

Junod alifariki Geneva mwaka 1961, akiwa kazini hospitalini. Mwaka 1977 mataifa yalikubaliana kwa maandishi kwamba raia wasishambuliwe, wala mabomu yasirushwe bila kubagua askari na raia. Sheria ipo, wanaoivunja nao wapo.

Sisi tunasemaje? Hatuwalaumu watoa misaada wanaonyamaza ili wasizuiwe kuwafikia wagonjwa. Mgonjwa anahitaji dawa leo. Lakini sisi tulioona hatukufungwa na kanuni hiyo, na tukinyamaza, wanaopiga watasema hapakuwa na mtu pale.

Kwa hiyo tunawaomba: njoni shuleni jioni, mtuambie majina ya marehemu wenu, kijiji na tarehe. Tutayaandika daftarini, bila kuuliza mtu ni wa kabila gani wala chama gani. Asiyejua kusoma asione haya. Aseme, sisi tutaandika.

Mungu awarehemu marehemu wetu wote.