Joseph Kasa-Vubu, Rais wa Kwanza: Nani Aliweza Kumfukuza Nani?



Katika kurasa hizi tumezoea kusimulia maisha ya watu wa zamani. Safari hii tumemchagua mtu ambaye kila mtoto wa shule anajua jina lake, lakini maisha yake wengi wetu hatuyajui: Joseph Kasa-Vubu, Rais wa kwanza wa Kongo.

Tumemchagua kwa sababu ya swali moja lililoleta kelele nyingi darasani, saa ya elimu ya raia. Kati ya Rais, Waziri wa kwanza na Bunge, nani anaweza kumfukuza mwenzake? Wengine walisema Rais, kwani ndiye mkubwa. Wengine walisema Bunge, kwani ndilo linachaguliwa na watu. Kengele ikalia, tukatoka bila jibu. Kumbe swali lile lile lilimkuta Kasa-Vubu mara mbili katika maisha yake, na mara zote mbili jibu lilitoka kwa waaskari.

1. Kijana wa Mayombe

Kasa-Vubu alizaliwa katika miaka ya 1910, kule Mayombe, karibu na Tshela, katika Kongo ya chini, mbali sana na milima yetu ya Masisi. Alisoma kwa wamisionari Wakatoliki, na wakamtuma hata seminari kubwa ya Kabwe katika Kasai ili awe padri. Lakini hakufika kupewa upadri. Alitoka seminari, akawa mwalimu, na mwaka 1942 akaingia kazi ya serikali ya kikoloni mjini Léopoldville, mji tunaoita leo Kinshasa. Alikuwa karani katika mambo ya fedha.

Wale waliomjua wanamweleza kama mtu wa maneno machache, mpole, asiyepiga kelele. Lakini ukimya wake haukuwa woga. Mwaka 1946 alisimama mbele ya wasomi wenzake na kueleza kwamba ardhi ni haki ya wale walioikaa kwanza. Kwa karani mweusi wa wakati ule, maneno kama hayo yalikuwa hatari.

Mwaka 1954 alichaguliwa kuwa mkubwa wa ABAKO, shirika la Wakongo lililoanzishwa kwa kulinda lugha yao ya Kikongo. Mikononi mwake shirika la lugha likageuka chama cha siasa. Mwaka 1956, wakati wengine walikuwa wakiomba uhuru uje polepole, ABAKO ilidai uhuru upesi.

Kisha Wabelgiji wakaruhusu uchaguzi wa miji, mwisho wa mwaka 1957, na Kasa-Vubu akawa burgumestri wa komini ya Dendale. Tarehe 4 mwezi wa kwanza 1959, mkutano wa ABAKO ulikatazwa, na fujo kubwa ikalipuka mjini Léopoldville. Watu wengi walikufa. Kasa-Vubu alifungwa, kisha akapelekwa Ubelgiji. Mwezi wa tano akarudi, na jina lake sasa lilikuwa kubwa kuliko mbele.

2. Mtu wa shirikisho

Hapa ndipo tunafika kwenye jambo lenyewe. Mwanzo wa mwaka 1960, Wakongo na Wabelgiji waliketi mjini Bruxelles, katika mkutano unaoitwa Meza ya Duara, kupanga uhuru. Kulikuwa na fikra mbili. Patrice Lumumba na wenzake walitaka serikali moja yenye nguvu, inayotawala inchi nzima toka Léopoldville. Kasa-Vubu alitaka shirikisho, ile inayoitwa federali: kila jimbo liwe na baraza lake na serikali yake, liamue mambo yake ya nyumbani, na serikali ya katikati ibaki na mambo ya wote, kama jeshi, pesa na mapatano na inchi za ngambo.

Kila fikra ilikuwa na sababu zake. Lumumba aliogopa kwamba inchi itapasuka. Kasa-Vubu aliogopa kwamba mamlaka yote yakikaa katika nyumba moja, siku mtu mbaya akiingia nyumba ile hakuna atakayemzuia. Tukitazama mambo yaliyokuja nyuma, kila mmoja aliogopa kitu cha kweli.

Sheria iliyotoka katika mazungumzo yale ilitiwa sahihi tarehe 19 mwezi wa tano 1960. Iliitwa Sheria ya Msingi, na ilitungwa na Bunge la Ubelgiji. Ilichukua kidogo huku, kidogo kule. Majimbo sita yalipewa mabaraza na serikali zao, lakini katikati palibaki na nguvu nyingi. Na pale katikati iliweka wakubwa wawili: mkuu wa inchi, na Waziri wa kwanza anayeongoza serikali. Bunge lilikuwa na nyumba mbili, Baraza la wadepute 137 na Seneti.

Sasa tuangalie vizuri, maana ugonjwa ulianzia hapa. Sheria ilisema kwamba mkuu wa inchi anamweka Waziri wa kwanza na anaweza kumwondoa. Ilisema vilevile kwamba kila tendo la mkuu wa inchi lazima litiwe sahihi na waziri pia. Tena ilisema kwamba serikali inajibu mbele ya Bunge, na Bunge linaweza kuiangusha. Basi, kama Bunge bado linaiamini serikali, na mkuu wa inchi haitaki tena, nani anashinda? Sheria ilitaja korti ya katiba, lakini korti ile haikuwa imeundwa. Ilikuwa sawa na mchezo wa mpira wenye sheria nyingi lakini bila refa.

3. Usiku wa tarehe 5 mwezi wa tisa

Bunge lilimchagua Kasa-Vubu kuwa Rais mwezi wa sita 1960. Jean Bolikango alishindwa. Lumumba alikuwa Waziri wa kwanza. Tarehe 30 mwezi ule inchi ikapata uhuru. Siku chache tu baadaye waaskari waliasi. Tarehe 11 mwezi wa saba Katanga ikajitenga, na mwezi wa nane Kasai ya kusini ikafuata. Wakubwa wawili, ambao hawakuwahi kuwa na fikra moja, wakazidi kuachana.

Usiku wa tarehe 5 mwezi wa tisa 1960, Kasa-Vubu alikwenda kwenye redio na kutangaza kwamba amemwondoa Lumumba, na kwamba Joseph Ileo ndiye atakayeunda serikali. Mawaziri wawili, Justin Bomboko na Albert Delvaux, walitia sahihi zao. Usiku ule ule Lumumba naye akaenda redioni kutangaza kwamba Kasa-Vubu si Rais tena. Raia waliokuwa wakisikiliza walibaki na mshangao: Rais amefukuzwa na waziri, waziri amefukuzwa na Rais!

Tukisoma sheria ile, Lumumba hakuwa na uwezo wa kumwondoa mkuu wa inchi. Hapo jambo ni wazi. Kwa Kasa-Vubu, maandishi yalimpa uwezo. Lakini je, aliweza kuutumia wakati Bunge halijaiangusha serikali? Wataalamu wa sheria wamebishana juu ya neno hilo miaka mingi. Bunge lenyewe lilijibu upesi. Tarehe 7 Baraza la wadepute lilifuta matangazo yote mawili, na tarehe 8 Seneti ikakataa kuondolewa kwa Lumumba kwa kura 41 juu ya 2. Kasa-Vubu hakukubali. Aliahirisha vikao vya Bunge.

Basi hapo kila mmoja alishika karatasi yake, na hapakuwa mtu wa kuamua. Tarehe 14, Kanali Mobutu, mkubwa wa jeshi, akatangaza kwamba anawaweka kando wote wawili. Aliita vijana waliomaliza masomo, hata wengine waliokuwa bado wanafunzi, akawakabidhi kazi za mawaziri. Kasa-Vubu alikubaliana naye na akabaki kwenye kiti. Lumumba alifungwa. Mwezi wa kwanza 1961 serikali ya Léopoldville, ambayo kichwa chake kilikuwa Kasa-Vubu, ilimpeleka Katanga kwa adui zake, na tarehe 17 akauawa pamoja na Maurice Mpolo na Joseph Okito. Okito alikuwa makamu wa mkubwa wa Seneti. Hatuwezi kusimulia maisha ya Kasa-Vubu tukaruka jambo hili. Ni doa ambalo halikufutika.

4. Katiba ya Luluabourg

Shirikisho alilolitaka lilianza kuja kidogo kidogo. Mwaka 1962 majimbo sita yalianza kugawanywa kuwa majimbo madogo, hata yakapita 20. Kivu yetu iligawanywa, na kwa mara ya kwanza Kivu ya kaskazini ikawa jimbo. Lakini huku kwetu furaha haikudumu. Kuwa na jimbo karibu kulileta ugomvi wa nani atalitawala na nani ni mwenyeji, na kuanzia 1963 Masisi iliingia katika vita ambavyo wazee wanaviita Kanyarwanda. Watu walioishi pamoja waliuana. Tunalitaja kwa kuwa ni funzo: kuleta mamlaka karibu na watu ni jambo jema, lakini mamlaka ya karibu nayo yanahitaji mpaka, sawa na yale ya mbali.

Mwaka 1963 Kasa-Vubu alifunga Bunge, na mwanzo wa 1964 tume ikakutana mjini Luluabourg, unaoitwa leo Kananga, kuandika katiba mpya. Hii Wakongo waliiandika wenyewe. Raia waliipigia kura, na tarehe 1 mwezi wa nane 1964 ikaanza kazi. Iliandika wazi mambo ya serikali ya katikati na mambo ya majimbo. Ilimpa Rais nguvu zaidi, pamoja na uwezo wa kumwondoa Waziri wa kwanza. Lakini serikali mpya ilipaswa kwenda mbele ya Bunge na kuomba kukubaliwa.

Tarehe 13 mwezi wa kumi 1965, Kasa-Vubu alimwondoa Waziri wa kwanza Moïse Tshombe, ingawa kundi la Tshombe lilikuwa limeshinda uchaguzi wa mwaka ule. Akamweka Évariste Kimba. Tarehe 14 mwezi wa kumi na moja Bunge likamkataa Kimba. Tungefikiri kwamba Rais, akikumbuka mwaka 1960, angetafuta mtu mwingine ambaye Bunge lingemkubali. Hapana. Alimweka Kimba yule yule tena.

Siku kumi tu zikapita. Usiku wa kuamkia tarehe 25, wakubwa wa jeshi walikutana, na asubuhi Mobutu akawa Rais. Safari hii hakumbakiza Kasa-Vubu kwenye kiti. Alikaa mwenyewe, na hakutoka mpaka mwaka 1997. Kimba alinyongwa mbele ya watu mwaka 1966. Majimbo yalipunguzwa, Kivu ikarudi kuwa moja, na katiba ya 1967 ikafuta kabisa njia ya shirikisho. Kivu ya kaskazini ilingoja mpaka 1988 kuwa jimbo tena.

Kasa-Vubu hakupigana. Alirudi kwao Mayombe na kuishi kimya, kama alivyokuwa karani zamani. Alikufa Boma tarehe 24 mwezi wa tatu 1969.

5. Sisi tunajifunza nini?

Wengine kati yetu walisema: Kasa-Vubu alifuata maandishi, basi hana kosa. Sisi waandishi tulibishana sana juu ya hilo, na mwisho tulipatana hivi. Maandishi yalimpa uwezo, ndiyo. Lakini mtu aliyetaka maisha yake yote mamlaka yagawanywe, alipokuwa juu aliushika uwezo wake mpaka ncha ya mwisho, na Bunge lilipomwambia hapana hakusikia. Naye Lumumba alijipa uwezo ambao sheria haikumpa. Katikati ya hao wawili mlango ulibaki wazi, na mwenye bunduki akapita.

Katiba ya tarehe 18 mwezi wa pili 2006 inaonyesha kwamba walioiandika waliyakumbuka mambo hayo. Ndani yake Rais anamteua Waziri wa kwanza katika kundi lenye wadepute wengi, lakini hawezi kumfukuza tu: kazi yake inaisha anapoleta mwenyewe barua ya kujiuzulu. Bunge linaweza kuiangusha serikali kwa kura. Rais anaweza kulivunja Baraza la wadepute, lakini lazima kuwe na ugomvi usiokwisha kati ya Baraza na serikali, na lazima kwanza awaulize Waziri wa kwanza na wakubwa wa nyumba zote mbili za Bunge. Na refa amepatikana: Korti ya Katiba, ambayo ilianza kazi mwaka 2015. Katiba ile haitaji neno shirikisho, lakini majimbo yana mabaraza na magavana. Hata hali ya hatari imewekewa kipimo. Mwezi wa tano 2021, jimbo letu lilipowekwa chini ya uongozi wa maofisa wa jeshi, sheria ilidai kwamba baada ya siku 30 za kwanza Bunge liulizwe kila siku 15. Kama kuuliza kule kulifanywa kwa moyo au kwa desturi tu, kila msomaji ajiulize mwenyewe.

Hapa shuleni pia tuna kapita wa darasa, tuna kamati ya wanafunzi, tuna prefe. Muhula ujao tutachagua kamati mpya. Tunaomba jambo moja: kabla ya kupiga kura, tuandike kwanza nani anaweza kumwondoa kapita, kwa sababu gani, na wakikosa kupatana nani ataamua. Tuandike sasa, wakati hatujui bado kapita atakuwa nani. Mwenye fikra nyingine alete karatasi yake kwa waandishi, tutaitia katika toleo lijalo.