Sequoyah: Mhunzi Aliyewapa Wacherokee Maandishi

Mifumo ya maandishi kwa kawaida hukua polepole, kizazi baada ya kizazi. Maisha ya Sequoyah yanaikiuka kanuni hiyo. Hakujua kusoma wala kuandika lugha yoyote, ilhali aliibuni hati kamili ya lugha yake, jambo ambalo ni nadra mno katika historia ya lugha duniani.

Alizaliwa yapata mwaka 1770 katika kijiji cha Tuskegee, katika eneo ambalo sasa ni jimbo la Tennessee, Marekani. Mamake alikuwa Mcherokee. Babake, yamkini, alikuwa Mzungu ambaye hakumlea. Alikuwa na kilema cha mguu, na riziki yake aliipata kwa uhunzi na ufuaji fedha. Katika vita vya 1813–1814 alipigana pamoja na Wacherokee wenzake chini ya Jenerali Andrew Jackson. Jina hilo tutalirejelea.

Mnamo 1809 hivi alianza kuisaka siri ya karatasi za Wazungu. Kwanza alibuni alama moja kwa kila neno, zikawa nyingi kupindukia. Ndipo alipobaini kuwa maneno yote hujengwa kwa silabi chache zinazojirudia. Kufikia 1821 alikuwa na alama 86, ambazo baadaye zilipunguzwa hadi 85. Baadhi yake, hasa katika umbo la chapa, zafanana na herufi za Kirumi, lakini sauti ni nyingine kabisa: D husomwa a, nayo W husomwa la. Mwanafunzi wa fonolojia ya Kiswahili hatashangaa kwamba mbinu hii ilifaulu, kwani Kicherokee nacho hupendelea silabi wazi. Konsonanti iliyohitaji alama yake pekee ni s.

Majirani walimshuku uchawi, na masimulizi yadai kuwa kazi yake ya awali ilichomwa moto. Mwanafunzi wake wa kwanza alikuwa bintiye mdogo, Ayoka. Wazee waliwatenganisha wawili hao, wakamsomea mmoja ujumbe auandike, kisha mwingine akausoma bila kukosea. Shaka ikaisha. Mnamo 1825 taifa la Wacherokee liliikubali hati hiyo rasmi, na Februari 1828 gazeti la Cherokee Phoenix likaanza kuchapishwa huko New Echota, Georgia, kwa Kicherokee na Kiingereza.

Waama, kusoma na kuandika hakukuwaokoa. Jackson yule yule, sasa akiwa Rais, alitia sahihi sheria ya kuwahamisha Wenyeji wa Marekani mnamo 1830. Katika 1838 na 1839 Wacherokee wapatao 16,000 walisukumwa magharibi. Takriban 4,000 walifariki. Sequoyah, aliyekuwa amehamia huko mapema, alishiriki kuwapatanisha wakazi wa awali na waliofika wakiomboleza. Mnamo 1842, akiwa mzee, alifunga safari kwenda Meksiko kuwatafuta Wacherokee waliotawanyika. Alifia huko 1843, na kaburi lake halijatambuliwa kwa uhakika.

Mnamo 2019 mataifa matatu ya Wacherokee yalitangaza hali ya dharura juu ya lugha yao, kwa kuwa wasemaji wake stadi walibaki kama elfu mbili, wengi wao wazee. Huko Tahlequah, Oklahoma, kuna shule ambamo watoto hufunzwa kwa Kicherokee, na alama wanazoandika ni zile zile 85.