David Keilin: Mgonjwa wa pumu aliyeifumbua siri ya pumzi kupitia nzi wa farasi

Utotoni alihangaika kuvuta pumzi. Ukubwani akauonyesha ulimwengu jinsi pumzi inavyotumika mwilini. Huyu ndiye David Keilin, na aliyemfungulia njia ni nzi tu.

Alizaliwa Moscow mwaka 1887, katika familia ya Kipolandi, akakulia Warsaw. Pumu ilimtesa kiasi kwamba hakupelekwa shule hadi alipofika miaka 10. Mwaka 1904 akaenda Ubelgiji kusomea udaktari, kisha akahamia Paris.

Huko ndiko mambo yalikobadilika. Inasimuliwa kwamba siku moja mvua ilimkuta njiani, akajibanza kwenye mlango uliokuwa karibu. Kumbe ndani kulikuwa na mhadhara wa biolojia wa Profesa Maurice Caullery! Akakaa kusikiliza, na udaktari akauacha. Akajikita kwenye wadudu.

Mwaka 1915 akaenda Cambridge, Uingereza, na hakuhama tena.

Funza kwenye tumbo la farasi

Keilin alimchunguza nzi ambaye funza wake huishi ndani ya tumbo la farasi. Funza hao ni wekundu, kwa sababu wana himoglobini, ile ile inayofanya damu yetu iwe nyekundu. Rangi hiyo inatokana na madini ya chuma.

Swali lake lilikuwa rahisi: funza akishakuwa nzi kamili, chuma hicho kinaenda wapi?

Akaweka misuli ya nzi chini ya hadubini yenye kifaa cha kuchambua mwanga. Akaona mistari minne myeusi, ambayo haikuwa ya himoglobini. Akapima nyuki, akaiona. Akageukia hamira, hiyo hiyo ya kuumulia maandazi, nako akaikuta.

Sasa kilichomshangaza ni hiki: alipoitikisa hamira kwenye maji ikapata hewa, mistari ilipotea. Alipoiacha itulie, ikarudi. Yaani aliona kwa macho yake chembe hai zikitumia oksijeni!

Mwaka 1925 alikiita kitu hicho saitokromu. Ni protini yenye chuma, na iko hata mwilini mwako wewe unayesoma hapa.

Alionyesha pia kwamba sayanidi huizuia kazi hiyo. Ndiyo maana sumu hiyo, inayopatikana kwenye mihogo michungu isiyoandaliwa vizuri, inaweza kuua mtu hata kama mapafu yake yamejaa hewa.

Hakujitwalia sifa zote

Miaka ya 1880, daktari Charles MacMunn alikuwa ameshaiona mistari kama hiyo. Mkemia maarufu wa Ujerumani, Hoppe-Seyler, akampinga, na kazi yake ikasahaulika. MacMunn alifariki mwaka 1911 bila kusikilizwa. Keilin angeweza kunyamaza, lakini alimtaja waziwazi na kumpa haki yake.

Hakuishia kwenye chuma. Mwaka 1938, yeye na Thaddeus Mann walipata protini yenye shaba kwenye damu. Miaka miwili baadaye wakaonyesha kwamba kimeng'enya kinachosaidia damu kushughulikia kabonidayoksaidi kina zinki.

Madini hayo yanapitaje?

Mdudu naye huyapata kwenye chakula. Leo inajulikana kwamba utumbo wa kati wa nzi wa matunda umegawanyika: kuna sehemu yenye chembe zinazokusanya shaba, na nyingine zinazohifadhi chuma. Chuma hufungwa ndani ya protini iitwayo feritini, ambayo pia husaidia kukisambaza sehemu nyingine za mwili. Kikizidi ni sumu, kikipungua mdudu anadhoofika. Na misuli ya kurukia ni miongoni mwa inayokihitaji sana, kule kule Keilin alikoiona ile mistari.

Alipewa Medali ya Copley mwaka 1951, akafariki Februari 1963. Mwaka 1978, Peter Mitchell alipopokea Tuzo ya Nobel ya Kemia, mhadhara wake ulibeba jina la Keilin.

Tuzo hiyo Keilin mwenyewe hakuwahi kuipata. Ila kila pumzi unayovuta sasa hivi inamalizia safari yake kwenye chuma alichokiona kwa nzi.