Freddie Mercury: Mtoi wa Unguja Aliyewasha Wembley na Queen

Kila fainali ya kombe la mtaa ikiisha pale Garsen, hakosi msee wa kuimba We Are the Champions, hata kama anajua kiitikio tu. Muulize nani alitunga hiyo ngoma, atakwambia ni mzungu fulani wa Uingereza. Hapo anakosea, bana. Huyo jamaa alikuwa mtoto wa Pwani, na ukipiga hesabu vizuri ni jirani yako.

Shuka na Mto Tana mpaka unapoingia baharini pale Kipini. Ule ukanda wa maili 10 wa Sultani wa Zanzibar ulifika hapo, na ulikuwa wake mpaka Desemba 1963 ulipokabidhiwa Kenya. Kwa hivyo babu yako wa Kipini na Freddie Mercury walizaliwa chini ya Sultani mmoja.

Jina lake la kwanza lilikuwa Farrokh Bulsara. Alizaliwa tarehe 5 Septemba 1946, Mji Mkongwe, Unguja. Buda yake, Bomi, alikuwa keshia wa serikali ya kikoloni, na mathe aliitwa Jer. Walikuwa Waparsi wa Gujarat, watu wa dini ya Zoroasta. Akiwa bado mdogo alipelekwa shule ya bweni Panchgani, India. Huko ndiko alikonolewa kwa piano, maboi wakaanza kumwita Freddie, na wakaunda kabendi ka shule, The Hectics.

Alirudi Unguja mwaka 1963. Miezi michache tu, Januari 1964, mapinduzi yakalipuka, na familia ikatoroka kwenda Uingereza. Umeipata hiyo? Huyu staa alikuwa mkimbizi wa miaka 17. Buda aliyekuwa na kazi ya heshima Unguja akaanza maisha upya Feltham, kando ya uwanja wa ndege wa Heathrow. Freddie mwenyewe alipiga vibarua hapo uwanjani akiwa bado anasoma. Mwaka 1969 akamaliza diploma ya usanii wa michoro kule Ealing, kisha akawa anauza nguo soko la Kensington na msee wa drams anayeitwa Roger Taylor.

Taylor na mpiga gitaa Brian May walikuwa na bendi, Smile. Mwimbaji wao alipotoka mwaka 1970, Freddie akaingia na mikono miwili. Akabadilisha jina la bendi likawa Queen, akajibadilisha naye akawa Mercury, na baadaye akachora ile nembo yao ya simba na kaa. John Deacon wa besi alijiunga mwaka 1971, na hao wanne hawakuachana tena.

Usidhani waliomoka mara moja. Albamu ya kwanza ilitoka 1973 na haikusumbua mtu. Killer Queen ikafika namba 2 Uingereza mwaka 1974, lakini mfukoni walikuwa wamesota, maana doo zilikuwa zinakwama kwa Trident, kampuni iliyowasimamia. Wasanii wetu wa Pwani wanaijua sana hii stori.

Halafu 1975 ikaja Bohemian Rhapsody. Karibu dakika 6, bila kiitikio, opera katikati, na hata neno bismillahi limo ndani. Wazito wa lebo walisema redio haziwezi kucheza ngoma ndefu hivyo. Freddie akampa kopi beste yake Kenny Everett wa Capital Radio, London, naye akaicheza mara 14 kwa wikendi moja. Ikakaa namba 1 wiki 9. We Are the Champions ikafuata 1977, Another One Bites the Dust ikashika Marekani 1980, na 1981 wakajaza uwanja wa Morumbi, São Paulo, watu zaidi ya 100,000.

Sasa hapa pa chungu. Oktoba 1984 Queen walienda kupiga shoo Sun City, Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi. Kumbuka Kenya ilikuwa imewarudisha nyumbani wanariadha wake kutoka Olimpiki ya Montreal 1976 kwa sababu ya ubaguzi huohuo. Mtoto wa Unguja, ambaye kule angeandikwa Mhindi na kutengewa mtaa, akaenda kuwaimbia. Walisema wanapiga muziki tu, siasa si yao. Mimi hilo silinunui. Chama cha wanamuziki Uingereza kiliwapiga faini, na wengi wakaona bendi imekwisha.

Mwaka huohuo wa 1984 ukame ulikuwa unaua mifugo Kenya, na wazee wa Tana River wanakumbuka mizoga. Ethiopia ilikuwa mbaya zaidi, watu walikufa kwa njaa. Ndiyo maana Live Aid iliandaliwa, tarehe 13 Julai 1985, uwanja wa Wembley, watu kama 72,000. Queen walipewa dakika 20 hivi. Freddie alitoka na fulana nyeupe isiyo na mikono, akakaa kwenye piano, kisha akashika kipande cha stendi ya maikrofoni na kuucheza uwanja mzima kama mtoto wa kuchezea. Alitoa sauti, umati ukairudisha. Mpaka leo ukitaja shoo kali kuliko zote, wengi wanataja hiyo.

Shoo yake ya mwisho na Queen ilikuwa Knebworth, Agosti 1986. Mwaka uliofuata akaambiwa ana UKIMWI, akanyamaza. Huku kwetu, Philly Lutaaya wa Uganda alijitangaza mwaka 1989 na kuzunguka mashule akionya vijana mpaka akafa mwaka huohuo. Freddie alitangaza Novemba 23, 1991, na kesho yake usiku akafa, miaka 45. Dawa za kurefusha maisha kwa kweli zilikuja miaka kama mitano baadaye.

Mwaka 2006 kuna watu walipanga sherehe ya kukumbuka miaka 60 tangu azaliwe, ufukweni Unguja. Kikundi cha Kiislamu kikapinga, sherehe ikafutwa. Mwaka 2019 jumba la makumbusho lenye jina lake likafunguliwa Mji Mkongwe, na watalii wanalipa kuingia. Majivu yake alipewa rafiki yake Mary Austin ayafiche, na hajawahi kusema aliyaweka wapi.